Ngiri ya kinena: matundu matatu madogo, kiraka kimoja kikubwa

Neno ngiri limebebeshwa mizigo mingi. Maumivu chini ya kitovu huitwa ngiri. Korodani ikivimba, ngiri. Mtoki ukijitokeza kwenye mkunjo wa paja, ngiri. Na mwanamume akipungukiwa nguvu za kiume, wapo wauza dawa watakaomwambia bila haya kwamba hiyo nayo ni ngiri. Kwa hiyo daktari anapomwambia mtu kuwa ana ngiri na atafanyiwa upasuaji wa matundu, mgonjwa huondoka na picha ambayo daktari hakuichora. Nyumbani kila mtu ana lake: mmoja amesikia kwamba ni leza, wa pili anadai hakuna kukatwa kabisa, wa tatu anamtisha kwamba atawekewa plastiki na hatazaa tena.

Mkanganyiko huu huumiza watu kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaoikimbia tiba kwa hofu, wakazunguka na uvimbe miaka na miaka. Wapo pia wanaoiendea kana kwamba wanaenda kung'oa jino, kwa sababu wameambiwa ni matundu madogo tu. Ukubwa wa tundu la nje haukuelezi chochote kuhusu kazi inayofanyika ndani, na hilo ndilo ningependa msomaji aondoke nalo.

Ngiri ni nini, na nini si ngiri

Katika makala hii neno ngiri lina maana moja tu: kitu kinachopaswa kukaa ndani ya tumbo kimepata upenyo kwenye ukuta wa tumbo, kikachomoza. Ukuta huo ni tabaka za misuli na tishu ngumu zilizoshikana kama turubai. Kinachochomoza mara nyingi ni mafuta ya ndani ya tumbo au kipande cha utumbo. Upenyo ukiwa kwenye kinena, yaani pale paja linapokutana na tumbo, tunaiita ngiri ya kinena.

Dalili yake ya kawaida ni uvimbe unaotokea mtu akisimama, akikohoa au akijikamua chooni, kisha unajificha akilala chali. Hapo ndipo inapotofautiana na majirani zake. Busha, au ngirimaji, ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Halirudi tumboni ukilala, na ukilimulika kwa tochi gizani mara nyingi mwanga hupenya. Mtoki ni tezi iliyovimba, kwa kawaida kwa sababu kuna kidonda au maambukizi mahali fulani mguuni au sehemu za siri. Upungufu wa nguvu za kiume una sababu zake nyingine kabisa, kama kisukari, shinikizo la damu, msongo wa mawazo au homoni. Mtu mwenye tatizo hilo asiye na uvimbe wowote hana sababu ya kuuziwa dawa ya ngiri.

Kwa nini kinena hasa? Jibu liko kabla ya kuzaliwa. Korodani za mtoto hutengenezwa juu tumboni, karibu na figo, na katika miezi ya mwisho ya mimba hushuka hadi kwenye mfuko wake. Zikishuka zinapita katika mfereji mwembamba kwenye ukuta wa tumbo, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 4. Mfereji huo hauzibwi moja kwa moja, kwa sababu mishipa ya damu ya korodani na mrija wa mbegu vinaendelea kupita humo maisha yote. Wanawake wanao pia, ila kwao unapitisha ukano mmoja tu wa mfuko wa uzazi. Ndiyo maana kati ya wanaume 100, takriban 27 hupata ngiri ya kinena wakati fulani maishani, ilhali kwa wanawake ni kama 3.

Wengine huzaliwa na njia hiyo haijafunga vizuri, na ngiri hujitokeza utotoni au hata ukubwani. Wengine ukuta wao hulegea taratibu kwa umri, kikohozi cha muda mrefu au kujikamua kila siku kwa sababu ya choo kigumu. Mzigo mzito ulionyanyuliwa siku ile uvimbe ulipoonekana mara nyingi hulaumiwa peke yake, lakini kwa kawaida udhaifu ulikuwapo tayari, mzigo uliufichua. Iko pia ndugu yake, ngiri ya paja, inayotokea chini kidogo ya mkunjo. Hii huwapata zaidi wanawake, na ni hatari zaidi kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na hubana haraka.

Tairi na tyubu

Chukua tairi la baiskeli lililochakaa. Mahali fulani ubavuni nyuzi zimekatika, na kila ukijaza upepo, tyubu inajisukuma pale na kutoa kinundu. Bonyeza kwa kidole, kinundu kinarudi. Achia, kinatoka tena. Tyubu haina kosa lolote. Kilichoharibika ni tairi.

Ngiri iko hivyo hivyo. Utumbo unaochomoza ni mzima, ukuta ndio wenye upenyo. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka, iwe ya miti shamba au ya hospitali, inayoziba ngiri ya mtu mzima. Dawa inaweza kutuliza maumivu au kulainisha choo ili mtu asijikamue. Haiwezi kuunganisha nyuzi zilizoachana. Mkanda wa ngiri nao ni kile kidole kilichobonyeza kinundu: ukiuvua, kinarudi.

Kwa karne nyingi fundi wa tairi hili hakuwa na kiraka. Mwaka 1887 daktari wa Italia, Edoardo Bassini, alichapisha njia ya kuvuta kingo za upenyo na kuzishona pamoja kwa mpangilio maalumu, na dunia ikamfuata kwa muda mrefu. Tatizo la kuvuta kingo ni kwamba zinakazana. Nguo iliyoshonwa huku imevutwa huuma mwilini na huachia tena. Katika miaka ya 1980, Irving Lichtenstein na wenzake huko Los Angeles walieneza wazo la kuacha kuvuta, na badala yake kufunika upenyo kwa wavu laini wa nyuzi za plastiki, ambao tishu za mwili hukua kupitia matundu yake na kuushikilia. Njia yao hupita kwa mbele: mkato wa sentimita kadhaa kwenye kinena, wavu unashonwa juu ya upenyo. Hadi leo ni upasuaji mzuri na wa kuaminika.

Lakini fundi baiskeli anajua jambo moja: kiraka cha tairi huwekwa kwa ndani, kati ya tyubu na tairi, ili upepo wenyewe ukikandamize mahali pake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari walianza kutumia kamera na vifaa vyembamba kufanya jambo hilohilo. Wanafika nyuma ya ukuta wa tumbo na kuulaza wavu pale, na kila mgonjwa anapokohoa au kusimama, shinikizo la tumbo linausukuma wavu dhidi ya ukuta. Huo ndio upasuaji wa matundu madogo. Leza haihusiki na kuziba ngiri hii. Na kukatwa kupo, ila ngozi inakatwa kidogo. Hata roboti inayotajwa siku hizi haifanyi kazi peke yake: daktari ndiye anayeendesha mikono ya roboti hiyo akiwa ameketi kando, na kiraka ni kilekile.

Je, kila ngiri ni lazima ipasuliwe?

Hapana, ingawa jibu hili lina masharti. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Amerika Kaskazini uliowafuata wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua au inayowasumbua kidogo. Baadhi walipasuliwa, wengine wakaangaliwa tu. Kati ya walioangaliwa, ngiri iliyobana ghafla ilitokea kwa kiwango cha chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kusubiri, basi, hakukuwa hatari kwao. Ila walipofuatiliwa hadi miaka 10, takriban 68 kati ya kila 100 walikuwa wameshapasuliwa, wengi wao kwa sababu maumivu yaliongezeka. Nionavyo mimi, maana yake ni kwamba mwanaume asiye na dalili ana nafasi ya kuchagua wakati wake kwa utulivu, akijua kuwa huenda siku hiyo itafika.

Mwanamke mwenye uvimbe wa kinena yuko katika hali tofauti, kwa kuwa kinachoonekana ni ngiri ya kinena kinaweza kuwa ile ya paja. Kwake ushauri huwa ni kutosubiri. Watoto nao hawasubirishwi, na wao hawawekewi wavu: mfuko wa ngiri hufungwa tu, mwili utaendelea kukua.

Kuna hali moja isiyo na mjadala. Uvimbe ukikaza, ukauma sana, ukakataa kurudi, na hasa ukifuatana na kutapika, tumbo kujaa, kutopata choo wala kutoa upepo, au ngozi ya juu yake kubadilika rangi, utumbo umebanwa na huenda damu haiufikii. Hiyo ni dharura ya saa, haingoji kesho. Usiusukume kwa nguvu, usikandwe, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitali wakati huohuo.

Kabla ya siku yenyewe

Maandalizi huanza na mazungumzo. Mara nyingi daktari huitambua ngiri kwa macho na mikono akikuomba usimame na kukohoa; picha ya mawimbi ya sauti huhitajika pale ambapo uvimbe hauonekani vizuri au mashaka yapo. Mwambie kuhusu upasuaji wowote uliowahi kufanyiwa tumboni, hasa wa tezi dume, kwa sababu makovu ya ndani yanaweza kuziba njia ya nyuma. Ukikojoa kwa shida, sema pia. Si aibu, na linabadilisha mipango: wanaume wenye tezi dume kubwa ndio mkojo wao hugoma kutoka baada ya upasuaji.

Dawa unazotumia zitajwe zote, pamoja na za miti shamba. Za kuzuia damu kuganda na za kisukari zina utaratibu wake, na kuziacha kwa uamuzi wako kunaweza kuwa hatari kuliko kuendelea nazo. Mvutaji wa sigara akiacha angalau wiki 4 kabla, kidonda chake hupona vizuri na mapafu hustahimili usingizi. Kikohozi kitibiwe kwanza, na choo kigumu vilevile.

Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa kwa dawa ya usingizi mzito, ile wengi huiita nusu kaputi, kwa hiyo tumbo liwe tupu. Utaratibu unaotumika sana ni kuacha chakula saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla, ila fuata uliloambiwa na mtaalamu wako wa usingizi. Sababu ni kwamba usingizini koo halijilindi, na chakula kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Wanaokula kidogo kwa siri ili wasiishiwe nguvu hawajui wanachokicheza. Oga vizuri, lakini usinyoe kinena nyumbani kwa wembe, kwani mikwaruzo midogo hukaribisha vijidudu. Kama kunyoa kutahitajika, watakupunguza nywele hukohuko kwa mashine. Na kojoa kabla ya kuingia, maana kibofu kilichojaa hukaa pale pale kazi itakapofanyika.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Ukishalala usingizi, daktari hufanya matundu matatu. Moja karibu na kitovu, la kama sentimita moja, hupitisha kamera. Mengine mawili huwa ya nusu sentimita hivi, ya kupitishia vifaa. Kisha hewa ya kaboni dayoksaidi hupulizwa ili kuinua ukuta wa tumbo na kutengeneza nafasi, kama mtu anayeinua turubai apate kuingia chini yake. Huchaguliwa hewa hiyo kwa kuwa haishiki moto, na mwili huifyonza haraka na kuitoa kwa pumzi.

Kuna njia mbili za kufika nyuma ya ukuta. Ya kwanza huingia ndani ya tumbo lenyewe, hufungua utando mwembamba unaolizunguka tumbo kwa ndani, huweka wavu nyuma yake, kisha utando hufungwa ili wavu usigusane na utumbo. Ya pili haiingii tumboni kabisa: hupita kati ya misuli na utando, ikizitenganisha tabaka hizo mbili taratibu. Matokeo yake hayapishani sana, na daktari bora atumie ile aliyoizoea.

Ngiri huvutwa irudi ndani, ikitenganishwa kwa uangalifu na mishipa ya korodani na mrija wa mbegu. Halafu huingizwa wavu, umekunjwa, ukakunjuliwa humo ndani. Watu wengi hushangaa wakisikia vipimo vyake: kama sentimita 10 kwa 15, karibu ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa pamoja na vidole. Kiraka lazima kipite mbali kingo za upenyo, na kwa ukubwa huo hufunika pia mlango wa ngiri ya paja. Hii ni sababu mojawapo njia hii hupendekezwa kwa wanawake. Hupendekezwa pia kwa mwenye ngiri pande zote mbili, kwani matundu yaleyale matatu yanatosha, na kwa yule ambaye ngiri yake imerudi baada ya upasuaji wa mbele, maana nyuma hakuna kovu la zamani.

Wavu wenyewe mara nyingi ni wa polipropilini, plastiki ileile inayotengenezewa baadhi ya nyuzi za kushonea vidonda. Hofu ya utasa inaeleweka kwa kuwa mrija wa mbegu upo jirani kabisa, lakini tafiti zilizowafuatilia wanaume waliowekewa wavu hazijaonyesha kwamba uwezo wao wa kuzaa unapungua. Nguvu za kiume hutegemea damu na neva zinazopita njia nyingine.

Si kila mtu anafaa kwa njia hii. Asiyeweza kuvumilia usingizi mzito kwa sababu ya moyo au mapafu anaweza kuhudumiwa vizuri kwa mbele, hata kwa sindano ya ganzi ya kinena peke yake. Ngiri kubwa iliyojaza mfuko wa korodani na tumbo lenye makovu mengi ya chini huelekeza huko pia. Na wakati mwingine daktari huanza na matundu akalazimika kufungua, akiona hatari. Huko si kushindwa. Ni uamuzi wa kukulinda, na ndiyo maana fomu ya ridhaa hulitaja.

Ugumu wa njia hii uko kwenye mikono. Mwongozo wa kimataifa wa tiba ya ngiri ya kinena uliotolewa mwaka 2018 unakadiria kwamba daktari huhitaji upasuaji kati ya 50 na 100 wa aina hii ili aumudu sawasawa, na unaipendekeza njia hii pale penye ujuzi wa kutosha. Kwa hiyo muulize daktari wako amefanya mingapi. Ni haki yako, na daktari mzuri hajibu kwa hasira. Upasuaji wa mbele uliofanywa na mikono iliyozoea ni bora kuliko wa matundu uliofanywa na anayejifunza bila msimamizi.

Siku na wiki zinazofuata

Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, wakishaamka vizuri, wakakojoa na kutembea hatua chache. Uwe na mtu wa kukusindikiza, na kwa saa 24 usiendeshe chombo chochote wala usisaini mkataba. Kichwa huwa hakijarudi sawasawa hata ukijiona mzima.

Jambo linaloshangaza wengi usiku wa kwanza ni maumivu ya bega. Mtu amepasuliwa kinena, bega linauma! Masalio ya ile hewa husumbua kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva yake inachangia njia na ile ya bega, hivyo ubongo hukosea mahali maumivu yanapotoka. Hupungua kwa siku moja au mbili, na kutembea husaidia. Maumivu ya vidonda kwa kawaida hudhibitiwa na parasetamoli na dawa kama ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Zinywe kwa saa zake siku za mwanzo, usingoje maumivu yakue. Ukikohoa au kupiga chafya, kandamiza matundu kwa kiganja au mto. Kunywa maji, kula vyenye nyuzinyuzi, choo kisikawie.

Halafu kuna suala la kulala kitandani. Desturi ya kumlaza mgonjwa wiki nyingi imetokana na enzi za kingo zilizovutwa, ambapo mshono ungeweza kuachia. Kiraka cha ndani hukandamizwa na tumbo lenyewe, kwa hiyo kutembea tangu siku ya kwanza kunafaa, na kunapunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Mwongozo wa 2018 unasema mgonjwa arudie shughuli zake mara anapojisikia kuziweza. Madaktari wengi bado huomba mizigo mizito isubiri wiki 2 hadi 6, na ukiambiwa hivyo mfuate wako, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona ukuta wako ulivyokuwa. Kuendesha gari kungoje hadi uweze kukanyaga breki ghafla bila kusita. Tendo la ndoa ni pale mwili unaporuhusu, kwa wengi ndani ya wiki moja au mbili.

Michubuko ya rangi ya zambarau inaweza kushuka hadi kwenye uume na mfuko wa korodani. Inatisha kwa macho, hufifia yenyewe. Kinachowavunja watu moyo zaidi ni uvimbe unaotokea siku kadhaa baadaye palepale ngiri ilipokuwa. Wengi huamua papo hapo kwamba upasuaji umeharibika. Mara nyingi huwa ni majimaji yaliyokusanyika kwenye nafasi iliyoachwa na ngiri. Hauongezeki ukikohoa, haurudi ukibonyeza, na mwili huyanyonya kwa wiki kadhaa. Usikubali mtu ayatoboe kwa sindano pasipo sababu, kwani sindano inaweza kupeleka vijidudu hadi kwenye wavu.

Madhara makubwa ya upasuaji huu ni machache, lakini yapo: kujeruhiwa kwa utumbo, kibofu au mshipa mkubwa wa damu, maambukizi ya wavu, na ngiri kurudi. Homa, tumbo kuuma na kukaza zaidi kila siku badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, kushindwa kukojoa, usaha kwenye tundu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: kimojawapo kikitokea, rudi hospitali bila kungoja tarehe ya kadi. Lipo pia jambo la polepole. Baada ya upasuaji wa ngiri kwa jumla, karibu mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu ya kiasi fulani yanayozidi miezi 3, na wachache zaidi hupata yanayowazuia kazi. Kwa njia ya matundu idadi hiyo hupungua, haiishi. Ukiwa mmoja wao, usijifariji kwamba ndivyo kupona kulivyo; neva inaweza kuwa imenaswa, na hilo linachunguzwa na kutibiwa.